Majengo ya kale Kanda ya Kati yanaanguka. Fedha ya kuyakarabati itoke wapi?

#1 Mwana wa Mpwapwa
Wakuu, salaam.

Naleta hoja, mnipinge kwa hoja. Majengo ya kale ya Kanda ya Kati hayaanguki kwa sababu nchi ni maskini. Yanaanguka kwa sababu hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuyatafutia fedha.

Tuanze na njia ya misafara. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO, kwenye orodha ya awali (ya maeneo yanayosubiri kuandikishwa Urithi wa Dunia), Njia ya Kati ya Biashara ya Utumwa na Pembe za Ndovu. Vituo vyake ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Viwili kati ya hivyo viko huku kwetu: Mpwapwa mkoa wa Dodoma, Kilimatinde mkoa wa Singida. Bagamoyo ukishuka kwenye gari unapata mtu wa kukutembeza. Mpwapwa muulize mwanafunzi Wajerumani walijenga wapi, atabaki anakutazama. Na kituo hicho cha Wajerumani ndicho Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita vya pwani dhidi yao, alichokishambulia mwaka 1889, kamanda wao Wissmann akaja kukijenga upya mwaka huohuo. Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walikuwepo tangu miaka ya 1870. Historia yote hiyo, na hakuna hata kibao.

Fedha zipo duniani. Kwa nini hazifiki Mpwapwa?

#2 Zabibu Kavu
Weka picha mkuu, uzi wa majengo bila picha unaliwaje?

Mchango wangu: tatizo ni sheria haitekelezwi. Jengo likishafika miaka mia linalindwa moja kwa moja, anayelibomoa ashtakiwe. Watu wanabomoa mchana kweupe hapa Dodoma mjini.

#3 Dalali wa Viwanja
Mimi nauza viwanja Dodoma, niwape ukweli wa sokoni. Tangu serikali ihamie huku mwaka 2016, kiwanja cha katikati ya mji kina thamani kuliko nyumba iliyo juu yake. Mteja akija kuangalia nyumba ya zamani haangalii dari wala mlango. Anapima upana wa mbele kwa hatua, anauliza hati iko kwa nani na ghorofa ngapi zinaruhusiwa. Nyumba kwake ni gharama ya kubomoa. Mrithi aliyeko Dar au Toronto akipigiwa simu akatajiwa bei, historia ya babu yake inaishia hapohapo. Msimlaumu, hakuna aliyempa sababu ya kuiacha.

#4 Babu wa Uhindini
Dalali amesema la leo, mimi niseme la jana. Mwaka 1971 ilitungwa sheria ya serikali kutwaa majumba ya kupangisha. Nyumba nyingi za Wahindi mijini zikaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba. Sisi wapangaji tukawa tunalipa kodi ndogo kweli. Tulifurahi, sikatai. Lakini kodi ile haikutosha hata kubadilisha mabati. Mpangaji hakarabati nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba hakarabati nyumba isiyomlipa. Miaka ikaenda hivyo.

Duka nililokulia lilikuwa na kibaraza cha nguzo za mninga mbele, watu wanakaa kivulini wakisubiri basi la Kondoa. Bati moja la kona lilitoboka. Maji yakawa yanashukia kwenye kichwa cha nguzo ileile kila masika, nguzo ikaoza kwa ndani, kwa nje unaona nzima. Siku moja kibaraza chote kikalala. Bati moja tu.

#5 Wakili wa Kijiwe
#2, hakuna kanuni ya miaka mia Tanzania Bara. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo linalindwa likitangazwa rasmi na waziri kwenye Gazeti la Serikali. Sasa piga hesabu. Mjerumani amefika huku bara miaka ya 1880. Reli imefika baadaye. Maduka ya Wahindi ya Dodoma yamefuata reli. Yote hayo yako upande wa pili wa mstari wa 1863. Boma la Mjerumani lisilotangazwa, kwa sheria hiyo, halina tofauti na banda lako la kuku.

Cha ajabu, sheria hiyohiyo inaitaja milango ya mbao ya kuchonga ya kabla ya mwaka 1940 kuwa ni vitu vinavyolindwa. Kwa hiyo mlango wa nyumba ya Uhindini unaweza kuwa na ulinzi na nyumba yenyewe isiwe nao. Wanaonunua milango hiyo kimyakimya na kuisafirisha wajue hilo.

Kuna pia Sheria ya Mipango Miji ya 2007, inagusa majengo yenye thamani ya kihistoria. Hiyo iko mikononi mwa mamlaka za miji, na ndiyo njia fupi kuliko kumsubiri waziri.

#6 Zabibu Kavu
Wakili umenena. Basi watangaze yote wiki ijayo, kazi iishe.

#7 Wakili wa Kijiwe
Kutangaza hakuleti fundi wala mfuko wa chokaa. Kunazuia kubomoa, basi. Jengo lililotangazwa linaweza kuanguka lenyewe kihalali kabisa.

#8 Kilimatinde Juu
Asante mleta uzi kwa kututaja. Huwa tunasahaulika hata na watu wa Manyoni.

Nina maelezo tofauti na yenu wote. Kilimatinde na Mpwapwa ziliuawa na reli. Misafara ilipita kwetu kwa sababu ya maji na chakula kabla ya kuingia mbuga kavu. Mjerumani akaweka boma kwetu juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, unaona bonde lote chini. Reli ilipokuja haikuweza kupanda hovyo, ikapita Saranda na Manyoni. Mpwapwa ikaachwa vilevile, stesheni ikawekwa Gulwe. Ofisi zikafuata treni, wafanyabiashara wakafuata ofisi. Mji ukikosa watu wenye fedha, majengo yake yanakosa wa kuyasemea. Hiyo imeanza kabla ya uhuru, msiitwishe serikali ya leo peke yake.

Na kuna ugonjwa mwingine hamjautaja: wachimbaji wa "mali ya Mjerumani". Wanakuja usiku na vyuma vya kupimia, wameambiwa na mganga kwamba rupia zimefukiwa chini ya kona ya mashariki. Wanachimba kwenye msingi. Kwetu nimeona shimo linaloweza kummeza mtu mzima mpaka kifuani, limechimbwa kwa ndani sambamba na ukuta wa mawe, udongo wote umetolewa chini ya jiwe la pembe. Jiwe lile limebaki linaning'inia na ukuta umepasuka mshazari kutoka dirishani hadi chini. Mvua haiwezi kufanya hivyo kwa miaka mingi. Mtu mwenye sururu anaweza kwa usiku mmoja.

#9 Mrangi Halisi
#8 umegusa kidonda. Hata kwenye michoro ya kale ya miambani ya Kondoa, huko kwetu Kolo, watu wamechimba chini ya miamba wakitafuta hizo rupia. Udongo wa pale ndio wenye historia yenyewe, wanautupa pembeni.

Mleta uzi nikusahihishe kidogo. Unaongea kama kuingia UNESCO ni kuingia benki. Sisi tumo kwenye orodha kamili tangu 2006, mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150 yenye michoro. Tunashukuru, jina limekua. Lakini asidhani mtu kwamba fedha zilianza kumiminika Kolo kesho yake. Na huo mfuko wa Urithi wa Dunia, msaada wake wa uhifadhi ni kwa maeneo yaliyoandikishwa. Aliye kwenye orodha ya awali anaweza kuomba msaada wa kuandaa andiko tu. Kwa hiyo Mpwapwa na Kilimatinde kwa sasa hazimo.

Kinachotusaidia Kolo ni kwamba mahali pale pana wenyewe. Wazee bado wanakwenda Mungomi, kwenye kivuli kimojawapo cha miamba hiyo, kutambika. Mtu akichezea pale, kijiji kinajua kabla ya polisi.

#10 Stesheni ya Gulwe
Hapo kwenye reli mimi ndiyo nyumbani. Naona watu wanasema tu "reli ilipokuja" bila miaka. Ujenzi ulianza Dar 1905, ukafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Dodoma kama mji imezaliwa na reli hiyo.

Sasa SGR, reli mpya ya kisasa, imeanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, stesheni mpya kubwa. Stesheni ya zamani ya katikati ya mji itakuwa na kazi gani miaka ishirini ijayo? Huu ndio wakati wa kuamua, treni za zamani zikiwa bado zinapita na wazee waliofanya kazi humo wakiwa hai. Tukisubiri ife ndipo tuombe fedha, tutaomba za kujenga upya.

#11 Matumbulu
Nimesoma yote nimekaa kimya, sasa niseme.

Kwa nini tunalia na boma la Mjerumani? Humo ndimo babu zetu walilazwa chini wakachapwa hamsa ishirini. Humo ndimo kodi ya kichwa ilikusanywa. Aliyejenga ni nani? Mababu zetu, kwa shuruti, wakibeba mawe. Leo mnataka mjukuu achangishwe alitunze jumba la kumchapia babu yake?

Nyumba yetu ni tembe, ile ya paa bapa la udongo. Tembe hazimo kwenye mjadala wenu hata mstari mmoja, na ndizo zinazokwisha. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilituhamisha kwenye vijiji, baada ya hapo kampeni za nyumba bora, tembe ikahesabiwa kuwa ni aibu. Leo mtoto wa Kigogo akitaka kuona tembe iliyotunzwa apande gari mpaka Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam. Dar! Hebu tafakarini.

#12 Mwana wa Mpwapwa
Matumbulu ndugu yangu, mawe yale yamebebwa na babu yangu pia. Ndiyo sababu siyaachi. Ukuta ukianguka, anayefaidika ni aliyechapa, maana hakuna tena mahali pa kumwonyesha mtoto yalipofanyika. Lakini kwenye tembe nakuunga mkono bila masharti.

#13 Mama Chilonwa
Shikamooni wakubwa. Nimezaliwa kwenye tembe, niwaeleze maana naona mnaizungumzia tu kwa jina.

Tembe haikai bila kazi. Nguzo zina panda juu, boriti zinalala kwenye panda, juu ya boriti fito, juu ya fito matawi na nyasi, ndipo udongo. Paa ni bapa, lakini si bapa kabisa, lina mteremko kidogo kuelekea nyuma. Baba alikuwa anapanda juu mwezi wa Novemba kabla ya mvua, anatembea polepole kwa unyayo mtupu akisikiliza. Pakibonyea anapajua kwa mguu. Anapafumua, anaweka fito mpya, sisi watoto tunapandisha udongo kwa vibuyu na ungo, mama anaukanda na kuulainisha. Mahindi na mtama vinakaushwa juu hukohuko. Joto la Oktoba ukiingia ndani unasikia ubaridi.

Fedha ya kukarabati tembe haihitajiki nyingi. Inahitaji mtu aishi ndani yake. Tembe ikikosa moshi mchwa wanahamia, ikikosa mtu wa kupanda Novemba, mvua moja ya Januari inatosha. Hapo hata Mzungu alete mamilioni, atakarabati mara moja aondoke, mwaka unaofuata imebonyea.

#14 Fundi Chokaa
Mama Chilonwa, heshima yako. Umesema jambo ambalo wahandisi wengi hawalielewi.

Mimi ni fundi wa uashi, nimefanya kazi za majengo ya zamani pwani na huku bara. Nitasema kitu kitakachowaudhi baadhi: majengo mengi ya zamani yameuawa na ukarabati. Fedha ilipatikana, ndiyo iliyoyaua.

Ukuta wa Mjerumani ni mawe yaliyounganishwa kwa chokaa au kwa udongo. Unapitisha unyevu. Mvua inaingia kidogo, jua linatoa. Anakuja mkandarasi na saruji, anapiga lipu nzuri, inang'aa, mgeni rasmi anakata utepe. Saruji ni ngumu, ukuta wa ndani ni laini. Joto la huku linapanda na kushuka, saruji inapasuka nyufa kama uzi. Maji yanaingia kwenye nyufa na hayatoki. Na maji ya visima vya Dodoma mnayajua, yana chumvi. Chumvi ile inajikusanya nyuma ya lipu, inavimba. Baada ya masika kadhaa lipu inabanduka bamba zima na uso wa jiwe unatoka nayo. Nimeshika vipande hivyo mkononi: upande mmoja saruji, upande wa pili unga mweupe wa chumvi na ngozi ya jiwe.

Chokaa inataka subira. Unachimba shimo, unaweka chokaa ya mawe, unaizima kwa maji safi, inachemka kama uji, ukae mbali na macho yako. Inalala shimoni imefunikwa na maji wiki nyingi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyonata. Unachanganya na mchanga mkali wa korongo uliooshwa, sehemu moja kwa tatu. Unalowesha ukuta kwanza. Unapiga tabaka jembamba. Na Dodoma kwa upepo huu lazima utundike magunia mabichi siku kadhaa, la sivyo inakauka juu na kuwa unga. Mkandarasi aliyepewa miezi mitatu hawezi, na mkataba ulioandikwa "lipu ya saruji" haumruhusu.

#15 Zabibu Kavu
Fundi, si tuna jasi ya Itigi hapo jirani? Itumike hiyo, bei nafuu kuliko chokaa ya Tanga.

#16 Fundi Chokaa
Hapana mkuu. Jasi ni ya ndani, dari na kuta zisizoguswa na mvua. Ukiipaka nje, maji yanaila taratibu na inashusha chumvi zaidi ukutani.

#17 Mhehe Mtani
Watani zangu Wagogo, karibuni Iringa mjifunze. Boma letu la Kijerumani la mwaka 1914, lililojengwa kuwa hospitali ya kijeshi, tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Fedha zilitoka Umoja wa Ulaya, mradi ukaendeshwa na Chuo Kikuu cha Iringa. Kuna vyumba vya historia na duka la kazi za mikono. Ninyi makao makuu ya nchi mnabishana nani awaandikie barua. Mkwawa angekuwa hai angewaonea huruma.

#18 Matumbulu
Mkwawa tulikutana naye vitani tukamjua. Hatuhitaji huruma yake. Endelea na historia ya fedha, hapo umesema la maana.

#19 Mwana wa Mpwapwa
Mhehe amenisaidia sana. Boma la Zamani la Dar, la Sultani Majid, nalo lilikarabatiwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya, sasa ndimo kituo cha urithi wa usanifu majengo. Angalieni kinachofanana: Iringa kulikuwa na chuo, Dar kulikuwa na wasanifu majengo na halmashauri ya jiji. Taasisi yenye anwani, akaunti na watu wa kuandika. Ndiyo hoja yangu ya #1.

#20 Dalali wa Viwanja
Mnasahau biashara. Mikindani boma limekuwa hoteli. Mpeni mwekezaji hilo la Kilimatinde kwenye ukingo wa bonde, aweke vyumba kumi, mtaona kama litaanguka.

#21 Wakili wa Kijiwe
Mikindani haikuwa mwekezaji wa kutafuta faida. Ni shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lililokarabati boma la 1895 na kulifanya hoteli ili mapato yafunze vijana wa pale kazi. Mwekezaji wa kawaida atapiga hesabu ya miaka mingapi arudishe mtaji, na Kilimatinde hakuna bahari.

#22 Kilimatinde Juu
Bahari hakuna ila bonde lipo, njoo jioni ujionee. Lakini wageni wa kujaza vyumba kumi kila wiki hapana, Wakili yuko sahihi.

#23 Mhasibu Mstaafu
Habari za humu. Nimefanya kazi halmashauri mpaka nikastaafu, sitataja ipi. Naomba nieleze fedha inavyotembea, maana naona mnazungumza kana kwamba kuna kabati mahali fulani limefungwa.

Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi. Vipaumbele vinatoka chini kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo: kitongoji, kijiji, kata. Mkutano unakaa. Wanataka darasa, zahanati, kisima, matundu ya choo cha shule. Mwenyekiti anauliza "kuna lingine?" Nimesoma makabrasha mengi ya kata, sikuwahi kukuta jengo la kale limeandikwa. Diwani hatabishana na mama anayejifungulia njiani. Na mimi nisingembishia.

Katika mapato ya ndani, asilimia kumi ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kinachobaki kina wenyewe kabla hakijaingia. Kwa hiyo kusema "halmashauri ikarabati" bila kusema itoe kwenye kifungu gani ni maneno matupu.

Wafadhili nao wana masharti. Mfuko wa Balozi wa Marekani wa Kuhifadhi Utamaduni, ambao umefanya kazi Kilwa, masharti yake yalikataza mali ya mtu binafsi na ya kibiashara. Hapo nyumba zote za Uhindini zenye warithi zimetoka. Mfadhili anataka hati ya umiliki, michoro yenye vipimo, makisio ya mkadiriaji majenzi, na maelezo ya nani atalipa umeme na mlinzi mradi ukiisha. Hili la mwisho ndilo linaloua maandiko mengi. Mwana wa Mpwapwa amesema anakosekana wa kuomba. Mimi nasema anakosekana wa kutunza, na mfadhili analiona hilo kwenye ukurasa wa kwanza.

#24 Mkongwa
Mhasibu shikamoo. Sasa niwaletee Kongwa, maana mnazunguka Wajerumani tu.

Kongwa kuna historia mbili juu ya ardhi moja. Ya kwanza mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 ukafa 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Walijenga nyumba, maghala, hata tawi la reli kutoka Msagali. Ya pili, mwaka 1964 wapigania uhuru walipewa kambi hapohapo: FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU, MPLA. Samora Machel alikuwa Kongwa. Makaburi ya wapiganaji yapo.

Kongwa inaingia kwenye Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, si Mambo ya Kale. Wizara nyingine kabisa. Na nchi zenye makaburi kwetu zina sababu ya kuchangia. Msumbiji, Afrika Kusini na Namibia hawahitaji kuelezwa Kongwa ni nini. Kwa hiyo Mhasibu, wa kutunza wanaweza kupatikana pale ambapo damu ya mtu imelala. Hata Matumbulu hapa hatanipinga.

#25 Matumbulu
Sikupingi. Kongwa ianze, hata kesho. Ila majengo mengi pale ni ya Mwingereza, umeona? Ukombozi umeishi ndani ya nyumba za mkoloni.

#26 Mwana wa Mpwapwa
Umejijibu mwenyewe kaka.

#27 Zabibu Kavu
Wakuu, mnaiona fedha kama dawa. Zanzibar Mji Mkongwe uko UNESCO tangu 2000, na bado sehemu kubwa ya jumba la Beit al Ajaib iliporomoka Krismasi ya 2020, watu wawili wakafariki. Idara ya Mambo ya Kale ilikuwa wapi?

#28 Wakili wa Kijiwe
Usiibebeshe idara ya Bara. Zanzibar wana sheria zao na mamlaka yao ya Mji Mkongwe. Na jengo lile lilianguka likiwa kwenye ukarabati uliofadhiliwa na Oman, si kwamba liliachwa bila fedha. Hoja yako inabaki lakini: fedha ikichelewa, jengo halisubiri. Mfano wa Bara ni Kilwa. Iliingia orodha ya urithi ulio hatarini 2004 ikatoka 2014. Miaka kumi ya kazi, wafadhili kadhaa, na mafundi wa palepale wakafundishwa chokaa.

#29 Fundi Chokaa
Hilo la mwisho ndilo. Kilwa walibaki na mafundi. Leo nikiitwa Mpwapwa nitabeba vijana kutoka pwani, nusu ya fedha inaishia nauli na posho. Kabla ya kuomba fedha za jengo, ombeni za kufundisha vijana sita wa uashi wa hapo. Wapo wenye vyeti vya VETA, mikono ni mizuri, hawajawahi kuiona chokaa ikizimwa.

#30 Stesheni ya Gulwe
Fundi, na mbao? Paa nyingi za zamani huku zimeliwa na mchwa kabla ukuta haujapasuka.

#31 Fundi Chokaa
Paa ndiyo kwanza siku zote. Ukiwa na fedha kidogo usiguse ukuta. Ziba bati, safisha mifereji, ondoa mti unaoota ukutani, toa udongo uliojazana kwenye msingi ili maji yakimbie. Kazi hizo ni za wiki, zinaweza kulipwa na michango ya watu walio kwenye uzi huu. Babu wa #4 amesimulia bati moja. Ndivyo ilivyo.

#32 Babu wa Uhindini
Asante mwanangu. Laiti tungejua wakati ule, tungechanga wapangaji wenyewe.

#33 Mwana wa Mpwapwa
Basi tusiishie maneno. Napendekeza tuanze na vipimo na picha: Mpwapwa, Kilimatinde, na tembe moja inayokaliwa huko Chilonwa kama Mama ataridhia. Nani ana mwanafunzi wa usanifu au upimaji anayetafuta mazoezi kwa vitendo?

#34 Mama Chilonwa
Tembe ya kaka yangu ipo, ana umri mkubwa, atafurahi. Lakini mje kabla ya Novemba, na mje kumsaidia kupandisha udongo, si kupiga picha tu.

#35 Mhasibu Mstaafu
Barua ya ruhusa ya kupima iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala Idara ya Mambo ya Kale. Ipitie serikali ya kijiji kwanza na muhuri wa mtendaji uwepo. Msianze na mbunge.

#36 Dalali wa Viwanja
Mzee wangu hapo nakupinga. Bila mbunge barua itakaa masijala. Na mkishapima, bei ya viwanja vya jirani itapanda, nani atawazuia wanaouza?

#37 Wakili wa Kijiwe
Ndiyo maana tangazo la Gazeti la Serikali litangulie vipimo, Dalali.

#38 Kilimatinde Juu
Litangulie vipi bila vipimo? Tangazo linataka mipaka ya eneo. Mimi naanza kupima Jumamosi hii na kamba ya mita hamsini, anayetaka aje Manyoni tupande pamoja.